Soma Onyo Kabla Hujalizima

Hotuba kwa wanafunzi na vijana wanaoanza kazi ya programu

Mwenyekiti wa kikao, walimu wetu, na ninyi vijana mlioacha Jumamosi yenu mkaja kusikiliza habari za maonyo ya kompaila, ile zana inayogeuza msimbo ulioandikwa uwe programu, asanteni sana. Najua mada hii haina mvuto. Ningekuja kuzungumzia akili unde, viti visingetosha. Lakini nimeombwa niseme juu ya kuandika msimbo safi na salama, na zana zinazoukagua zenyewe bila kusubiri jicho la mtu. Sitawapa kanuni kumi za kunakili, maana kanuni mnazo tayari kwenye madaftari. Nitawasimulia makosa matatu yaliyotokea kweli, kwenye programu zilizokuwa zikilinda siri za mamilioni ya watu. Yaliandikwa na watu hodari. Na kila moja lilipita mbele ya zana za ukaguzi kwa njia yake tofauti, na hizo njia ndizo ninazotaka tuziangalie.

Tarehe 21 Februari 2014 Apple ilitoa iOS 7.0.6, toleo la mfumo endeshi wa iPhone lililorekebisha kosa la usalama. Maelezo yake yalikuwa mafupi, hayasemi mengi. Lakini sehemu ile ya msimbo iko wazi kwa umma, kwa hiyo waliotaka kujua wakaenda kuisoma. Wakakuta hivi. Kuna fanksheni, yaani kipande cha msimbo chenye kazi yake, inayohakiki sahihi ya seva: simu yako inapofungua tovuti ya benki, seva hutuma sahihi ya kidijitali kuthibitisha kuwa ni yenyewe, na simu huikagua hatua kwa hatua. Kila hatua ina sharti lake, kwamba kukitokea hitilafu, ruka mpaka mwisho ukarudishe jibu la kosa. Mstari wa kuruka uliandikwa `goto fail;`. Mahali pamoja uliandikwa mara mbili, mmoja chini ya mwenzake, yote miwili imesogezwa ndani sawasawa kana kwamba ipo chini ya sharti moja.

Lugha ya C haijali nafasi zilizo mwanzoni mwa mstari. Sharti lisilofungwa kwa mabano hushika mstari mmoja tu unaolifuata. Mstari wa pili ukabaki hauna sharti, ukawa unatekelezwa kila mara, hitilafu iwepo isiwepo. Programu ikaruka hatua ya mwisho, ile yenyewe ya kulinganisha sahihi, ikafika chini ikiwa na jibu la sifuri. Na kwenye msimbo ule sifuri ni kusema mambo ni shwari. Mtu aliyekaa katikati ya mawasiliano, tuseme kwenye Wi-Fi ya mgahawa, angeweza kujifanya benki na simu ikampokea. Kosa lile lilikuwamo tangu iOS 6 ya mwaka 2012.

Sasa sikilizeni upande wa zana. Baada ya mstari ule wa pili, msimbo uliofuata ulikuwa haufikiki tena; hakuna njia ya kuutekeleza. Kompaila ya Clang ilikuwa na uwezo wa kuligundua hilo, kwa onyo linaloitwa `-Wunreachable-code`. Halikuwa limewashwa. Watengenezaji wengi huandika `-Wall` wakidhani wameomba maonyo yote, kumbe hilo halimo. Kwa GCC, kompaila nyingine ya C, hali ilikuwa ya ajabu zaidi: ulikuwa unaweza kuandika jina la onyo hilo, kompaila ikalipokea bila kulalamika, na isifanye lolote, kwa sababu kazi yake ilikwisha kuondolewa. Unalala ukijua una mlinzi, na zamu ile haina mtu. Ndiyo maana nawaambia vijana ninaofanya nao kazi: ukiweka zana mpya, kwanza iandikie kosa la makusudi uone kama italishika. Usiamini faili la mipangilio kwa sababu tu linasomeka vizuri.

Jambo la pili kwenye kisa hiki ni dogo, ila watu hulibishania mpaka soda zinapoa: mabano na upangaji wa mistari. Msibishane. Tumieni zana ya kupanga msimbo, clang-format kwa C, Prettier kwa JavaScript, Black au Ruff kwa Python. Lugha ya Go ilikuja na `gofmt` yake, na mabishano hayo kwao yalikwisha mapema. Faida yake inazidi urembo. Ile mistari miwili ingepita kwenye mpangaji, wa pili ungesogezwa nje, ukasimama mahali pake pa kweli, na mtu yeyote anayepitia mabadiliko angeuona. Mwaka 2016 GCC 6 iliingiza ndani ya `-Wall` onyo la mistari iliyosogezwa kwa namna ya kupotosha macho. Na jaribio moja tu, la kutuma sahihi mbovu na kudai ikataliwe, lingelifichua kosa siku ileile. Tunapenda kuandika majaribio ya mambo yanayokubalika. Kwenye usalama, jaribio lenye thamani ni lile la mambo yanayopaswa kukataliwa.

Kisa cha pili ndicho ninachokipenda, maana hapa zana ilisema, tena ilisema kweli. Balaa lilianza baada ya hapo.

Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa OpenSSL, maktaba ya msimbo wa kulinda mawasiliano, ndani ya Debian, mfumo endeshi mmojawapo wa Linux, alikuwa akisumbuliwa na maonyo ya Valgrind. Kwa wasioijua, Valgrind huiendesha programu yako chini ya uangalizi wake na kufuatilia kila baiti ya kumbukumbu. Ukitumia baiti ambayo hukuwahi kuiandika, inapiga kelele. Na OpenSSL ilikuwa ikifanya hivyo kwa makusudi. Ilipokuwa ikizalisha namba za kubahatisha, ambazo funguo za siri hutengenezwa kwazo, ilichanganya pia chochote kilichokutwa kwenye kumbukumbu isiyoandikwa, kwa hoja kwamba takataka haziharibu mchanganyiko, na pengine zinauongezea kitu.

Maonyo yalielekeza kwenye mistari miwili, ndani ya faili moja, kwenye fanksheni mbili. Mistari hiyo ilifanana herufi kwa herufi. Aliwauliza watengenezaji wa OpenSSL hadharani kama inaweza kuondolewa, na hakukatazwa. Akaiondoa yote miwili. Valgrind ikanyamaza.

Mmoja kati ya mistari ile ulikuwa kweli wa kuchanganya takataka. Kuuondoa kusingemdhuru mtu. Wa pili, wenye herufi zilezile, ndio uliokuwa unaingiza ubahatishaji wote halisi uliokusanywa kutoka kwenye mfumo. Ulipoondoka, kilichobaki cha kutofautisha mchanganyiko mmoja na mwingine kilikuwa namba ya mchakato, ile ambayo Linux huipa kila programu inapoanza kuendeshwa. Namba hizo kwa kawaida zilikomea 32,768. Chukueni ufunguo wa SSH, ule wa kuingilia seva kutoka mbali, wa biti 2,048. Ulitakiwa uwe mmoja kati ya wingi usiotajika. Ukawa mmoja kati ya elfu thelathini na mbili na ushee kwa kila aina ya mashine. Kompyuta ya kawaida inaweza kuujaribu mmoja baada ya mwingine mpaka ikaupata.

Msimbo huo uliingia Debian Septemba 2006, ukapita kwenda Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya Debian, ukakaa huko mpaka Mei 2008, Luciano Bello alipougundua. Muda si muda watu wakazalisha funguo zote zinazowezekana na kuzianika kwa yeyote kuzipakua. Kuboresha programu hakukutosha. Kila ufunguo uliozalishwa kwenye mashine hizo kwa karibu miaka miwili ulibidi utupwe, kila cheti kitolewe upya. Hata ufunguo wa DSA, aina moja ya ufunguo wa kutia sahihi, uliozaliwa mahali salama, ukishatumika kutia sahihi kwenye mashine yenye kosa, ulihesabiwa kuwa umevuja.

Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Valgrind iliponyamaza, yule mtunzaji alipata nafuu ya kweli: ripoti yake ikawa fupi, akaweza kuona makosa mengine. Mzigo uliovuja ulikuwa wa watu wengine, na hawakuwepo pale kuona. Nawaomba msimcheke. Aliuliza kabla ya kugusa, jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi.

Lakini ndani ya faili lile kulikuwa na dalili. Mstari usio na madhara ulikuwa umezungukwa na sharti la `#ifndef PURIFY`. Purify ni zana nyingine ya ukaguzi wa kumbukumbu, ya zamani kuliko Valgrind. Maana yake walioandika OpenSSL walikwisha kulijua onyo lile, na wakaweka utaratibu wa kuutoa mstari ule pale mtu anapotumia zana za ukaguzi. Ule wa pili hawakuuzungushia chochote. Mistari miwili inayofanana, mmoja umewekewa sharti na mwingine umeachwa: hapo ndipo pa kusimama na kuuliza kwa nini. Jibu lilihitaji kufuata jambo moja tu, kwamba `buf`, jina lililomo kwenye mistari yote miwili, kwenye fanksheni ya kwanza ni chombo kinachosubiri kujazwa, na kwenye fanksheni ya pili ni chombo kilicholetwa kimejaa. Jina moja, kazi mbili zinazokwenda pande tofauti. Angalieni basi jinsi suala la majina, ambalo mnaliona ni la walimu wenye kupenda usafi, linavyofika mpaka kwenye funguo za seva.

Na lawama siwezi kuiegemeza upande mmoja. Msimbo unaofanya jambo la kutia shaka kwa makusudi unatakiwa useme hivyo hapohapo, kwa maneno ya binadamu. Mimi kwenye miradi ninayoisimamia nina sharti moja lisilojadiliwa. Kuzima onyo kunaruhusiwa, lakini kwa mstari mmoja, kwa kulitaja onyo lenyewe, na kwa sababu iliyoandikwa kando yake. ESLint, mkaguzi wa JavaScript, inakuruhusu kuandika sababu baada ya vistari viwili. Ruff inakuruhusu kutaja namba ya onyo baada ya `noqa`, neno lake la kuzima onyo. Kuzima kwa faili zima, au `noqa` tupu isiyotaja kitu, hakupiti kwangu. Mtu akishindwa kuandika sababu kwa sentensi moja inayoeleweka, mara nyingi ni kwa kuwa hajui onyo linasema nini. Hapo tunakaa pamoja tunalisoma.

Kusoma onyo ni kazi, tusidanganyane. Kuna maonyo ya uongo, na yanachosha. Zana za aina hii zipo tangu miaka ya 1970, Stephen Johnson wa Bell Labs alipoandika `lint` kwa ajili ya lugha ya C, na tangu siku hizo watu wamekuwa wakilalamika kwamba zinapiga kelele mno. Malalamiko hayo yana haki. Zana inayopiga kelele kila saa huzoeleka, na ikizoeleka haina faida. Kwa hiyo chagueni maonyo machache mnayoyaamini, myafanye yavunje ujenzi wa programu kabisa, msonge mbele. Maonyo mia tatu ya rangi ya njano ambayo hakuna anayeyasoma ni sawa na kutokuwa nayo. Kwangu mimi ni mabaya zaidi, kwa kuwa lile moja la maana limejificha humo.

Kisa cha tatu wengi mnakijua kwa jina, Heartbleed, kwa hiyo sitakaa nacho sana. OpenSSL tena. Kuanzia toleo la 1.0.1 la Machi 2012 mpaka tarehe 7 Aprili 2014, mteja alikuwa anaweza kuitumia seva ujumbe mfupi wa kuulizana kama bado tupo hewani, akataja pia urefu wa ujumbe huo, na seva ikamrudishia ujumbe wenye urefu alioutaja. Haikupima kama urefu uliotajwa ndio urefu uliokuja. Unatuma baiti moja, unasema ni elfu sitini, unarudishiwa kumbukumbu ya seva karibu kilobaiti 64 kwa kila ombi, na ndani yake nywila, vidakuzi, hata ufunguo wa siri wa seva. Mamlaka ya kodi ya Kanada ilieleza kwamba namba za utambulisho za watu wapatao 900 ziliibwa kwa njia hiyo.

Hapa zana za kukagua msimbo bila kuuendesha hazikuliona kosa. Hazikuzembea. Msimbo ulikuwa na njia ndefu na za kuzungukazunguka, na zana haikuwa na namna ya kujua kwamba namba ile imetoka kwa mgeni. Baadaye watu wa Coverity, watengenezaji wa zana mojawapo ya hizo, walipata wazo zuri sana: namba inayopangwa upya baiti zake, kama zinavyopangwa namba zinazofika kutoka kwenye mtandao, ihesabiwe kuwa ya kutiliwa shaka mpaka ipimwe. Kwa wazo hilo zana ikaliona. Mwaka 2015 Hanno Böck naye alionyesha njia nyingine: akaichukua OpenSSL yenye kosa, akaijenga pamoja na AddressSanitizer, zana inayopiga kelele programu ikigusa kumbukumbu isiyo yake, kisha akairushia data mbovumbovu zinazotengenezwa na programu iitwayo american fuzzy lop. Kwa saa zipatazo sita kosa lilijitokeza lenyewe. Google ilipoanzisha huduma ya OSS-Fuzz mwishoni mwa 2016, ya kuzijaribu programu huria kwa njia hiyo mfululizo, Heartbleed ilikuwa mojawapo ya sababu.

Mnaweza kusema, mzee, hayo ni mambo ya C, sisi tunaandika PHP na Flutter. Sawa. Tuondoke kwenye C. Una duka la mtandaoni linalopokea malipo kwa simu. Mteja akilipa, mfumo wa malipo unaiita anwani fulani kwenye seva yako na kuiambia, oda namba fulani imelipwa shilingi kadhaa. Je, msimbo wako unahakiki kwamba anayeita ni yule mnayekubaliana naye? Unalinganisha kiasi kilichotajwa na kiasi kilichomo kwenye hifadhidata yako? Usipofanya hivyo, mtu anaweza kulipa shilingi mia kwa oda ya laki tatu, au asilipe kabisa na akaandika mwenyewe taarifa ya kwamba amelipa. Kosa ni lilelile la Heartbleed, kuamini namba kwa sababu tu imetajwa. Hakuna zana itakayokukamatia hilo ikiwa kiasi ni namba tupu inayopita kutoka fanksheni hadi fanksheni bila jina.

Hapa ndipo usafi wa msimbo unapoisaidia zana. Tengeneza aina mbili: malipo ambayo hayajahakikiwa, na malipo yaliyohakikiwa. Fanksheni ya kutoa bidhaa ipokee ya pili tu, na njia ya kuipata ya pili iwe moja, kupitia uhakiki. Ukifanya hivyo kwenye TypeScript, au Dart, au PHP yenye mkaguzi wake PHPStan, mtu akisahau kuhakiki, mkaguzi anakataa kabla msimbo haujatoka kwenye kompyuta yake. Hukuongeza zana mpya. Umeiandikia ile uliyo nayo kitu inachoweza kukiona. Fedha nazo ziandikwe kwa namba kamili, kwa kipimo kidogo kabisa cha sarafu yenyewe, maana ukijumlisha 0.1 na 0.2 kwa namba za desimali za kawaida za kompyuta hupati 0.3 kamili. Na maswali ya hifadhidata yaandikwe kwa vigezo vilivyotengwa, data isishonwe ndani ya amri. Hayo mawili sina haja ya kuyarefusha, walimu wenu wameshayasema.

Siku hizi pia msimbo mwingi unaandikwa na mashine. Sina ugomvi na hilo. Ninachoona ni kwamba unakuja umepangika vizuri sana, na macho hulegea mbele ya kitu kilichopangika. Upitisheni kwenye zana zilezile, kwa ukali uleule, na mashine ikiwashauri kuzima onyo iulizeni sababu kama mngemwuliza mwanafunzi wa mafunzo kazini.

Najua mtakachokutana nacho Jumatatu. Mtawasha PHPStan kwenye mradi wa ofisi wenye miaka minne, itarudisha maonyo elfu mbili, bosi atauliza kwa nini kazi imesimama, na mtaizima. Msiianze hivyo. PHPStan ina vipimo vya ukali vinavyoanzia sifuri. Anzia hapohapo sifuri. Kisha iambie iyaandike makosa yote yaliyopo kwenye faili moja la deni, na kuanzia siku hiyo ilalamike kwa makosa mapya tu. Msimbo wa zamani unabaki ulivyo, mpya unaingia safi, na kila mnapogusa faili la zamani mnapunguza mistari michache ya deni. Ukaguzi uendeshwe kwenye seva ya ujenzi, usiachiwe kwenye kompyuta ya mtu mmojammoja, maana mtu akiwa na haraka ya Ijumaa jioni atauruka. Wanaoandika skripti za seva, ShellCheck, mkaguzi wa skripti hizo, inawekwa kwa dakika chache na itawaonyesha zile amri za kufuta folda nzima, `rm -rf`, zenye kigezo kinachoweza kuwa tupu. Wanaoandika C, ongezeni AddressSanitizer kwenye majaribio yenu. Programu itakwenda polepole kama mara mbili, vumilieni. Na funguo za siri zisiingie kwenye Git, ile zana inayotunza historia ya msimbo, hata kwa dakika moja. Ukizifuta kwenye komiti inayofuata bado zimo kwenye historia, kwa hiyo ufunguo uliokwisha kuingia humo batilisha, toa mwingine.

Ukifika kwenye onyo usilolielewa, usilifanyie chochote siku hiyo. Liandike, mfuate mwenzako, msome pamoja mstari wenyewe na mistari kumi juu na chini yake. Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeleta faili lile la OpenSSL lilivyokuwa kabla ya mabadiliko ya Debian, lipo kwenye skrini nyuma yangu, na mistari miwili nimeitia rangi. Kabla ya maswali naomba mtu mmoja aje mbele atuambie, bila kutafuta mtandaoni, upi kati ya hii miwili angeuondoa.